Kiapo kwa Mtakatifu wa Upande wa Pili

Kijijini, Malta
12 Oktoba 1986

Kwako mwanangu Marthese,

Hujambo mama? Mumeo hajambo? Na huko kiwandani wanakuheshimu au bado wanakutuma chai? Sisi huku tunapumua. Magoti ya mama yako yanamsumbua kila mvua ikikaribia, na tangu Jumatano hasemi na mimi, sababu utaisikia hapa chini. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole.

Vidole ndivyo vilivyonishikisha kalamu. Sherehe ya Mtakatifu Mikaeli imepita vizuri, fataki zetu ziliwafunika kabisa wapinzani wetu wa upande wa pili, watu wa Mtakatifu Roko, mpaka leo wakituona wanavuka barabara. Lakini wiki iliyofuata Wiġi akaniita nje ya Chumba. Unamjua Wiġi, ndiye mkubwa wetu pale tunapotengenezea fataki. Akawa anajikuna kisogo. "Ċensu, kaka," ananiambia, "maganda yako ya fataki siku hizi yamelegea. Karatasi haikazi. Mwakani tusaidie kupanga viti vya bendi."

Viti! Mimi niliyeingia kile Chumba yeye hajaota hata ndevu! Nilimwambia viti akapange mama mkwe wake, nikaondoka. Njiani machozi yalinitoka, nakwambia wewe tu.

Basi nimeamua. Kama vidole havikazi, chuma kitakaza. Ninaunda mashine ya kuviringisha maganda: karatasi na gundi vinaingia huku, ganda gumu linatoka kule. Nimeshapata rola za kukamulia nguo, nondo ya chuma ya kuviringishia karatasi, mnyororo wa baiskeli ya marehemu babu yako, na kanyagio la cherehani ya mama yako. Hapo ndipo tulipokosana. Mimi nasema cherehani sikuigusa, nimechukua miguu tu. Yeye anasema ni kama mwizi aseme gari sikuiba, nimechukua magurudumu.

Sasa wewe ndiye fundi wa mitambo. Ya biskuti, sawa, lakini mtambo ni mtambo. Mbona karatasi ikipita kwenye rola inakunjamana kama uso wa kasisi wetu? Jibu upesi, sherehe haimsubiri mtu.

Ni mimi baba yako,
Ċensu


Melbourne
2 Novemba 1986

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta na mama mmepatana, na magoti yake yametulia. Sisi tu wazima. Joto limeanza, na kiwandani wananiheshimu sana, ahsante, hasa mashine ikigoma. Barua yako niliisoma wakati wa chakula, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaninyang'anya wajue kuna nini. Kwa bahati hawajui lugha yetu.

Lakini nilipofika pale pa Wiġi na viti, Baba, sikucheka wala sikusikitika. Nilisema Mungu ahsante. Usikasirike, soma mpaka mwisho.

Nilikuwa mdogo Chumba kilipolipuka na baba mdogo Nenu ndani. Nilisimama na mama mlangoni pa kanisa. Wanaume wanne walilibeba lile jeneza bila kutoa jasho, na kila mtu alijua kwa nini lilikuwa jepesi. Wewe ulirudi Chumbani kabla mama hajavua nguo nyeusi. Ulisema ni kwa heshima ya ndugu yako. Huwa nikisikia simu hapa saa isiyo ya kawaida, namwacha mume wangu aipokee.

Kwa hiyo nitakusaidia, ila kwa sharti. Mashine ikae gereji ya nyumbani, na kazi yake iwe karatasi na gundi basi. Maganda wayachukue, wakayajaze wenyewe huko Chumbani. Wewe hutaingia tena palipo na baruti. Nataka uape, na uape kwa wino.

Ukiapa, haya ndiyo majibu. Karatasi inakunjamana kwa sababu rola zinakimbia kuliko ile nondo inayoviringisha. Badili gia ya nyuma, weka kubwa zaidi, ziende sawa. Na karatasi ishikiliwe kwa nyuma na kitambaa kizito, isiingie ikiwa imelegea. Usifunge mota hata wakikusihi. Mguu unatosha.

Kazi ikiisha, mrudishie mama miguu yake.

Mwanao,
Marthese


Kijijini
30 Novemba 1986

Mwanangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa mumeo kutoka nyumba yenye vita. Mama yako sasa anasema na mimi, na afadhali angenyamaza. Kiafya hatujambo.

Gia nimebadili. Mama wee, una akili! Karatasi inaingia imenyooka kama shuka ya hospitali. Ikazuka balaa nyingine: ganda likishakaza halitoki kwenye nondo. Limeng'ang'ania kama mwanasiasa na kiti. Nikaipaka nondo mafuta ya jikoni. Likatoka. Kumbe yale mafuta mama yako alikuwa amekaangia samaki. Asubuhi nikakuta paka wa mtaa mzima wamehamia gereji, maganda yametafunwa, na paka mmoja wa jirani amejilaza juu ya rola akinitazama kama mimi ndiye mgeni.

Mama yako akaja akasimama, akatazama, akaenda akarudi na kipande cha sabuni kavu. Nikapaka sabuni. Ganda likateleza likatoka lenyewe. Sijui nani alimfundisha.

Na lile sharti lako, sawa, nimekubali, baba mwenye moyo hamshindi mwanawe. Kiapo hiki hapa kwa wino: Naapa mbele ya Mtakatifu Roko na mbwa wake kwamba sitaingia tena Chumba cha baruti. Umeridhika?

Baba yako anayekupenda,
Ċensu


Melbourne
28 Desemba 1986

Baba, shikamoo, na heri ya Krismasi kwenu wote wawili.

Mtakatifu Roko?

Baba, wewe unayefunga madirisha sanamu yake na yule mbwa wake miguuni inapopita! Wewe uliyekataa kula harusini kwa binamu yako kwa sababu keki ilikuwa na rangi za upande wao! Ulimwambia mwalimu wangu mbele ya darasa kwamba yule mtakatifu amesimamia magonjwa kwa sababu hana kazi nyingine. Leo unaniapia mimi kwa jina lake?

Nimezaliwa hicho kijiji. Najua mtu wa Mikaeli akiapa kwa Roko ni sawa na kuapa kwa paka wa jirani. Bado unaingia Chumbani. Pengine umeingia hata leo, Krismasi haijapoa.

Nimelia, Baba, na sikudanganyi. Kama ungesema "sitaki, Marthese, siwezi kuacha" ningekasirika, nikanywa chai, nikakuandikia. Lakini kunichezea kwa jambo hili!

Sitaandika tena habari za mashine. Mama nitamwandikia mambo yake. Siku utakapokuwa na kiapo cha kweli, unajua anwani.

Mwanao,
Marthese


Kijijini
19 Aprili 1987

Marthese mwanangu,

Hali yako? Ya mumeo? Miezi yote hii nimekuwa nasikiliza pikipiki ya mleta barua ikipita bila kusimama, na mama yako akipata yake ananisomea salamu tu. Magoti yake nafuu. Mimi mwili mzima, roho ndiyo siijui. Naandika bila kuulizwa.

Ni kweli nilikuwa naingia. Tena nilikuwa natamba. Siku moja pale baa nikawasimulia wenzangu ile hila ya kiapo, tukacheka mpaka tukashika meza. Habari haikulala nje, ilifika nyumbani kabla yangu. Mama yako hakunigombeza. Alivaa koti jeusi, akanunua mshumaa, akaenda kanisani mchana kweupe, akapiga magoti, yale magoti yake mabovu, kwenye altare ya Mtakatifu Roko. Mke wa Ċensu! Wanawake wa upande wao waliacha rozari wakabaki wanamtazama. Kasisi alimuuliza amepotea njia? Akamjibu, "Padri, mume wangu amemwapia huyu. Nimekuja kumwomba amshike."

Unajua ilivyo hapa. Mtu akibadili mtakatifu, hata salamu anapewa kwa mkono wa kushoto. Jioni ile ile Wiġi akaja na wazee wawili wa klabu yetu ya Mtakatifu Mikaeli. Wanataka kujua kama nimehamia kwa Roko, maana mtu wa Roko hawezi kukaa na ufunguo wetu wa Chumba wala kuona tunachoandaa. Nikawaambia mna wazimu. Wiġi akasema, "Basi ni rahisi, kaka. Sema tu kile kiapo kilikuwa mzaha, hakina maana yoyote. Sema hapa, mbele yetu, tunywe kahawa tumalize."

Nikafungua mdomo. Neno lenyewe lilikuwa ulimini. Mama yako alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga. Alikuwa ananitazama tu, kama anayesubiri kuambiwa amepona au hajapona.

Nikawaza, nikisema mzaha, nitakuwa nimesema mbele ya watu kwamba niliyoiandikia damu yangu hayana maana. Na mama yako nimemfanyia mzaha tangu nilipomwoa.

Nikasema, "Nimeapa."

Wiġi akadhani hakusikia. "Umeapa kwa nani?"

"Umeshaambiwa kwa nani. Ni mtakatifu kama mwingine. Sitaingia tena."

Nikamkabidhi ufunguo. Marthese, walipotoka nilikaa gereji nikalia kama siku ya Nenu. Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu duniani. Kule bandarini nilikoajiriwa walinilipa mshahara tu.

Siku kadhaa sikuigusa mashine. Asubuhi moja nikasikia inalia. Nikashuka, nikamkuta mama yako amekaa, anakanyaga. Mimi nikikanyaga mguu wangu hukimbia, husimama, hukimbia, na ganda hutoka lina kiuno. Yeye ameshona maisha yake yote. Mguu wake unakwenda sawasawa, na ganda likatoka gumu, limenyooka, nikaligonga mezani likalia kama mbao. "Kanyagio ni langu," akaniambia. "Wewe lisha karatasi."

Nimempelekea Wiġi moja. Hakuniruhusu kupita geti, alilipokea pale nje. Aliligeuza, akalibonyeza, akajikuna kisogo. Ametaka ya sherehe nzima.

Kile kiapo sikibadilishi. Kibaki hapo hapo kilipo, na mbwa wake. Nisamehe, mama.

Baba yako,
Ċensu


Melbourne
10 Mei 1987

Baba yangu, shikamoo mara nyingi.

Sisi wazima, na leo wazima zaidi. Nimesoma barua yako nimesimama kwenye sanduku la posta na sikuweza kuingia ndani. Mume wangu akatoka mbio akidhani ni msiba. Nikamwambia hapana, ni kinyume chake.

Hakuna cha kusamehe tena. Najua umetoa nini. Wiġi na wenzake hawajui, wanadhani umetoa ufunguo.

Mwambie mama anasifika kiwandani kwetu. Nimewaeleza mafundi wenzangu habari za mguu wake, na mmoja anauliza kama ana mdogo wake. Akaze boliti za kiti kila wiki, zinalegea kwa mtikisiko. Na nyinyi msichoke, msigombane, na kama mkigombana mnisimulie.

Mwaka huu simu ikilia nitaipokea kama watu wengine.

Mwanao anayekupenda,
Marthese


Kijijini
1 Oktoba 1987

Mwanangu Marthese,

Salamu kutoka kwa vigogo viwili vilivyochoka. Mgongo wangu, magoti yake, mikono yetu sote ina gundi mpaka kwenye kiwiko, lakini hakuna anayelalamika. Natumaini nyinyi ni wazima.

Sherehe imepita. Wote wako salama, Mungu ahsante, ndilo la kwanza najua unataka kulisikia. Jioni wenzangu walipopanda kwenda mashambani kurusha fataki, nilibaki nimesimama mlangoni kwangu kama mtoto aliyenyimwa kwenda harusini. Sijui mtu mzima wa Mtakatifu Mikaeli saa ile huweka wapi mikono yake. Bendi ikapita, Wiġi akanivulia kofia. Nikaingia ndani nisionekane.

Mama yako akanikuta kwenye ngazi. Amevaa gauni la kanisani, amebeba kiti. "Twende juu ya paa," akasema. "Nataka kuona karatasi zangu zinafanya nini."

Nikamwambia, si kama unavyoziona kila mwaka? Akanitazama, Marthese. Akaniambia hajawahi kuziona. Hata moja. Tangu tulipooana, sherehe ikianza, yeye alikuwa anafunga madirisha, anakaa jikoni na rozari, na kwa kila kishindo anasikiliza kama hiki ndicho kitakachoniua. Mimi nikirudi nanuka moshi, nasema "Umeona ile nyekundu?" na yeye anasema "Nimeiona, nzuri," kisha anapakua chakula. Miaka yote, na sikujua.

Tukapanda. Akakaa. Ya kwanza ilipopasuka alinishika mkono, kucha zikaingia. Anga yote ikawa dhahabu, ikamwagika polepole mpaka karibu na kuba ya kanisa. Ya pili kijani, na ndani yake zambarau. Nikamwambia ganda lile ni la wiki ile ulipokuwa na mafua. Nikageuka kumtazama, nikaona machozi yanashuka na hajifuti, na mdomo uko wazi kama msichana.

"Ċensu," akasema, "mimi nilikuwa najua kishindo tu."

Nikapiga magoti pale pale kwenye saruji, mimi mzee mzima, nikaweka kichwa mapajani mwake. Akanipiga kofi la bega. "Inuka, mwehu, unanizibia."

Tulikaa mpaka moshi ukaisha na watu wakaanza kurudi, kila nyumba mlango unafunguliwa, wake wanawapokea waume zao. Sisi tulikuwa tumeshafika wote wawili.

Baba yako, na mama yako hapa pembeni anayesema niongeze kwamba ile ya zambarau ndiyo bora,
Ċensu na Ġuża