Kengele ya Keki

Shoga, niko hapa nyumbani kwa wakwe za mwanangu. Ile keki ya harusi ya watu aliyokuwa anaoka binti yangu imekuwa mkaa!

Unajua akili yake haitulii, daktari ndiye aliyemfundisha kutega kengele kwenye simu. Leo kengele haikulia. Kaitwa na moshi.

Akapiga magoti mbele ya wakwe: "Nisameheni, nimesahau tena."

Wifi yake akaangua kicheko. "Kengele nimeizima mimi! Nilitaka kuona kama hicho ni kichwa au boga."

Kaizima yeye, shoga! Na mume wa binti yangu naye anacheka.

Mwanangu bado yuko magotini: "Kweli wifi, nilipaswa kukumbuka mwenyewe."

Mwenye keki anabisha hodi. Nakwenda kufungua mimi, nimwambie mbele yao nani kaichoma. Mungu hasinzii.