Dakika Arobaini za Chala

Alhamisi, mwezi wa saba. Mpanda. Jua bado lipo, joto bado lipo, mimi ndiye sijui nipo wapi.

Ndege imeondoka bila mimi.

Nimekaa kitandani gesti, miguu imejaa vumbi, sijui nilie au nicheke. Nimejaribu vyote viwili, hakuna kilichotoka. Kwa hiyo naandika. Labda nikiisoma siku hii nitaielewa.

Mnaonifuatilia hapa mnajua nimezunguka Ufipa siku kumi na begi langu la mgongoni. Picha za maporomoko ya Kalambo mliziona, na ile ya Kasanga nikila samaki wa mgebuka wa kuchoma. Nisichowaambia ni kwamba sikwenda kutalii. Mama alipofariki mwaka juzi, kwenye sanduku lake nilikuta bahasha ya zamani yenye jina la Odilia, wa Pito, Sumbawanga. Baba yangu alikuwa Mfipa, hilo nililijua. Alikufa nikiwa mchanga, hilo pia nililijua, kwa sababu mama aliniambia hivyo maisha yangu yote. Huyo Odilia nikadhani atakuwa ndugu yake. Nilitaka tu kuiona sura inayofanana na yangu, basi, halafu nirudi Dar kwenye usaili.

Usaili ulikuwa kesho, saa tatu asubuhi. Kazi ya maabara, hospitali kubwa. Nina miezi minane sina kazi.

Odilia kweli ni shangazi yangu, dada wa baba. Nimekaa kwake siku mbili. Amenipikia ugali wa ulezi, amenifunika mablanketi mawili maana baridi ya kule haina mzaha, ameniita mwanangu kila sentensi. Picha za baba hana. Nikimuuliza habari zake anajibu kwa Kifipa, anacheka kidogo, anaingia jikoni. Nilijua ni uchungu wa msiba, nikamwacha.

Leo asubuhi, upepo unapiga mabati, mimi niko mlangoni nafunga begi. Basi la Mpanda linaondoka saa mbili, ndege ni saa nane na nusu mchana. Nikamuaga. Shangazi akanishika mkono, hauachii.

"Unapita Chala?"

"Basi linapita, ndiyo."

"Basi umsalimie baba yako."

Nikadhani anazungumzia kaburi. Nikamuuliza kwa upole, "Kumbe alizikwa Chala?"

Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Nani kazikwa? Yuko pale sokoni, anashona nguo."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka nimekaa chini kizingitini, na bodaboda amekuja, na shangazi anaeleza kwamba aliapishwa asiseme, lakini usiku kucha hakulala, akaona dhambi ya kuvunja kiapo ni nafuu kuliko ya kuniacha nipite mbele ya mlango wa baba yangu bila kujua. Nilimuuliza nani alimwapisha. Akasema, yeye mwenyewe. Baba.

Nikapanda pikipiki. Tumeshaingia mjini ndiyo nikakumbuka simu nimeiacha inachaji jikoni. Tukarudi. Tukaenda tena. Stendi nikafika nakimbia, kamba moja ya begi ikakatika, begi likaanguka kwenye matope ya waosha magari, yakanirukia suruali, na basi ndilo lile linaishia kwenye kona.

Nikapata Noah ya Mpanda. Ikajaza abiria taratibu, ikaondoka saa tatu na nusu. Nikapiga hesabu: tukienda vizuri, nafika saa saba na kidogo. Dirisha la mizigo linafungwa saa nane. Inawezekana.

Sasa nikiri.

Njia nzima nilikuwa naomba tusisimame Chala. Nilishaamua. Mtu aliyejifanya amekufa miaka thelathini anaweza kusubiri mwezi mmoja zaidi. Nitafanya usaili, nitapata kazi, nitarudi nimevaa vizuri, sina matope kwenye suruali. Nilikuwa naangalia ule uwanda, mashamba yaliyovunwa mpaka macho yanapochoka, nikasema moyoni, pita tu, pita tu.

Tairi likapasuka tunaingia Chala.

Dereva akashuka, akazunguka gari, akafungua nyuma akatoa spea. Nayo haina upepo. Akatutangazia kwamba fundi yupo jirani, tumpe dakika arobaini. Abiria wakaguna. Mimi nikabaki nimekaa peke yangu ndani ya gari, nimekumbatia begi lenye kamba iliyokatika, naona soko kule mbele.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza maharage, fundi cherehani yuko wapi. Akanionyesha kwa kidole, kibaraza cha bluu. Wala hakuna mwingine, alisema, ni Kalisto tu.

Alikuwa amevaa kofia ya sufu na miwani iliyofungwa uzi pembeni. Anashona shati la shule. Nilikuwa nimejiandaa kuona sura yangu, nikaona mzee tu. Hakuna kilichonigonga moyoni. Masikio labda yanafanana. Niliona aibu kwamba sihisi chochote.

"Shikamoo."

"Marahaba. Lete tuone."

Nikampa begi. Yaani ndivyo nilivyofanya. Nimemkuta baba yangu mzazi, nikampa begi alishone.

Akabadilisha sindano akaweka nene. Akaanza kukanyaga cherehani, polepole, kitambaa kilikuwa kigumu. Akauliza bila kuinua macho, "Mzigo wote huu unapeleka wapi?"

"Dar."

"Umetokea wapi?"

"Pito. Kwa shangazi Odilia."

Miguu yake ikasimama.

Sikuwa nimepanga kusema. Lilitoka lenyewe. Akaweka mkono juu ya gurudumu la cherehani. Halafu akaendelea, sasa akilizungusha kwa mkono, tundu moja moja, mpaka akamaliza mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Wewe ni Skolastika," akasema. Hakuwa anauliza. "Hilo ni jina la mama yangu."

Miaka yote nilidhani mama alilitoa kwenye kalenda ya parokia.

"Mama yako hajambo?"

"Alifariki. Mwaka juzi. Presha."

Akavua miwani, akaifuta kwa lile shati la shule la mtoto wa watu. Akairudisha. Akavua tena. Akanisogezea stuli, nikakaa. Kule barabarani nikasikia honi, nikajua ni ya kwetu, na dakika arobaini zimekwisha.

Sikunyanyuka.

Hapo ndipo nilipoikosa ndege. Sikuikosa pale stendi wala kwa sababu ya simu iliyosahaulika. Niliikosa nikiwa nimekaa kwenye stuli, naisikia honi, na saa iko mkononi.

Akaniambia alikuja mara moja Morogoro, tulikokuwa tunaishi na mama. Nilikuwa najifunza kutembea, nimevaa gauni la njano, naushika ukuta. Alisimama upande wa pili wa barabara akaniangalia, halafu akaenda kupanda basi akarudi. Alilieleza hilo kana kwamba anaeleza safari ya kununua vitambaa. Nikasubiri aendelee. Honi ikalia tena.

Nikamuuliza, "Kwa nini mama aliniambia umekufa?"

"Mimi ndiye nilimwambia aseme hivyo."

Nikamwangalia. Mikono yake ilikuwa inakunja lile shati, inalikunjua, inalikunja. Nilitaka kuuliza kwa nini, neno moja tu. Dereva akaja mwenyewe mpaka kibarazani, amekasirika, anasema abiria wanataka kuniacha, ila kuna mama mmoja ndani ya gari amegoma, anasema binti wa watu haachwi njiani.

Mzee akasimama. Akanivalisha begi mgongoni, akavuta kamba kuona kama imeshika. "Nenda," akasema. "Ndege haimsubiri mtu."

Nikaenda.

Hili ndilo linalonizunguka kichwani tangu saa tano na dakika ishirini asubuhi. Alisema nenda kwa sababu ananijali, hataki nikose ndege? Au alisema nenda kwa sababu ndivyo anavyojua kufanya, kuaga watu? Sauti ingekuwa ileile. Maneno yangekuwa yaleyale. Na mimi nilikwenda kwa sababu ya ndege, au nami ndivyo ninavyojua?

Abiria hawakunisemesha mpaka Sitalike, karibu na Mpanda. Nimewachelewesha dakika ishirini na sijaweza kuwaambia sababu. Ningeanzia wapi? Yule mama aliyenitetea alinipa karanga. Nikazishika mkononi njia nzima, sikula.

Uwanjani nilifika saa nane na dakika kumi. Dada wa dirishani alikuwa mpole kabisa, ndiyo maana sikuweza hata kugomba. Alinionyesha saa ya ukutani. Ndege ilikuwa pale nje, naiona, watu wanapanda ngazi na mabegi yao. Nikasimama kwenye uzio mpaka ikaruka. Inayofuata ni Jumapili.

Nikawapigia wa usaili. Niliongea na mama mmoja, nikamwambia ukweli nusu, kwamba gari liliharibika. Akasema anasikitika, wana watu wengi, siku haiwezi kubadilishwa, niangalie nafasi nyingine zikitangazwa. Nikamshukuru. Nikakata simu nikasubiri niumie.

Nimeumia, lakini si pale nilipotegemea. Sikuiwazia kazi. Niliwazia lile gauni la njano. Mama alikuwa nalo, alilitunza, lilikuwa dogo kama kitambaa cha mkono. Nililigawa na nguo zake nyingine wiki moja baada ya arobaini. Sikujua ni la nini.

Na mama. Namkasirikia? Alikubali kubeba uongo ambao hakuutunga, akaubeba mpaka kaburini, na kila mwaka siku ya marehemu wote alikuwa ananishika mkono tunamwombea baba kanisani. Alikuwa anaomba nini, mama, dakika zile? Nani alikuwa anamkinga nani? Kuna jambo walilijua wao wawili, na mmoja ameondoka nalo. Amebaki mmoja.

Shangazi amepiga simu. Hakuuliza kama nimefika. Ameuliza, "Umemwona?" Nikasema nimemwona. Akalia, nikamsikiliza akilia, nikamwambia shangazi usilie, na mimi ndiye wa kubembelezwa.

Nimeshuka sasa hivi mapokezi kuuliza magari ya asubuhi. Yako mawili, moja la Tabora linaloniunganisha na Dar, moja la Sumbawanga. Yote yanaondoka saa kumi na mbili. Dada wa mapokezi akasubiri, kalamu mkononi, maana yeye ndiye anayewapigia watu wa stendi kuwawekea wageni viti.

Nikasema la Sumbawanga, ila nashuka Chala.

Akaandika. Akauliza, kwa mazoea tu ya kumsemesha mgeni, "Chala kwa nani?"

Sina uhakika kama atafurahi kuniona. Sina uhakika kama nitapata jibu, au kama jibu lenyewe nitalipenda. Huenda nikakuta kibaraza kimefungwa.

"Kwa baba," nikasema.

Ni mara ya kwanza nimelisema neno hilo kwa maana ya mtu aliye hai. Dada hakushtuka hata kidogo. Akanipa kipande cha karatasi chenye namba ya kiti, akaniambia niwahi.