Siri Yangu ya Kwenye Ufa

Jumatatu, 18 Machi
Upepo umenisukuma njia nzima ya ukingoni mwa bahari. Maua ya kwanza ya urujuani yamechanua chini ya ukuta wa mawe. Ndege weupe wa bahari wamerudi mwambani, wanagombania nafasi. Halafu – wale wawili! Kunguru weusi tii, midomo myekundu, miguu myekundu. Mmoja ana kijiti mdomoni. Wameingia kwenye ufa chini ya mteremko wa miiba ya jirani yetu Pascoe. Miaka kumi na miwili hawajajenga hapa. Nikakaa papo hapo kwenye matope.

Sitamwambia mtu, hata Hedley. Mara ile walipojenga, mume wangu huyohuyo alibwabwaja kanisani, na wiki haikuisha mwizi wa mayai akashuka kwa kamba, akakomba yote. Sasa tangu apate kiharusi hana maneno ila ndiyo na hapana. Lakini mimi nimekoma.

Alhamisi, 21 Machi
Nimekwenda mara tatu. Situlii. Nyoka wa kwanza anaota jua kwenye ngazi za mawe. Wale wawili sasa wanabeba sufu ya kondoo. Nimerudi, uji wa Hedley umeganda. Darubini iko mapajani mwake, sijui ameifikiaje. Nimeitundika tena msumarini.

Jumanne, 26 Machi
Balaa. Pascoe kapita getini, anasema Jumamosi anachoma miiba, farasi wake wapate majani mabichi. Ruhusa ya kuchoma inaisha Jumapili, na Jumapili huku hachomi mtu. Mteremko gani? Uleule! Moshi utaingia ufani moja kwa moja. Niliitikia kwa kichwa kama zuzu.

Ijumaa, 29 Machi
Nikinyamaza, watakimbia moshi. Nikisema, kijiji kizima kitajua kabla ya ibada. Pascoe na siri, wapi na wapi.

Asubuhi Hedley alinishika mkono, akahangaika na mdomo. Nikamwambia ngoja kidogo, nakuja. Nikaenda zangu kuwatazama.

Jumamosi, 30 Machi
Pascoe alikuja na kopo la mafuta ya taa. Nilimtangulia mteremkoni. Nikasema usichome, kuna nyoka wengi mwaka huu.

Akacheka. Eti shangazi, nyoka wapo tangu enzi za babu, na yeye alichoma.

Basi nikakaa chini, katikati ya miiba na maua yake ya njano. Nikamwambia basi unichome na mimi.

"Inuka, shangazi, utajichoma makalio bure," akasema, akaliweka kopo chini. "Huku sichomi. Napita tu, naenda ng'ambo ya kijito. Siwezi kuwafukuza wale wawili."

Nikamuuliza nani kakwambia.

"Mjomba Hedley. Jumatano nilipoleta maziwa, wewe ukiwa huku. Amewaona kutoka dirishani. Nilikaa naye nusu saa nzima, neno moja, anapumzika, neno jingine. Jasho lilimtoka."

Na kwa nini hukuniambia?

"Aliniapisha. Alisema siri ni yako, unaifurahia, nisikuharibie. Hata mke wangu hajui."

Alinivuta mkono nikasimama, akang'oa mwiba kwenye sweta langu, akaenda zake na kopo lake.

Nusu saa. Mimi namwachia uji mezani na koti nimeshavaa. Siku kumi na mbili nimezunguka juu ya miamba kumficha siri, na yeye kaketi pale akinitunzia siri hiyohiyo. Naona aibu mpaka masikioni.

Sasa saa tano. Maji yamechemka, mkate wa zafarani nimeukata. Niko jikoni naandika badala ya kuingia, mjinga mimi. Darubini nimeitoa msumarini, iko hapa karibu na birika.

Anaita. Si ndiyo, si hapana. Ni jina langu, nusu ya kwanza – anapumzika –