Mshale Utatua Ninapouambia

Alhamisi, Kamembe. Mvua inapiga mabati tangu asubuhi, na mimi kichwa kimenivimba. Niacheni nivimbe.

Nimetembea, mimi. Bukavu, Bujumbura, hata Kampala, kote nimefufua kompyuta zilizokwisha kuliliwa. Shule niliiacha katikati, lakini umeme haujawahi kuniuliza diploma. Kilichokuja kunitoa jasho ni kamshale kadogo ka kwenye skrini.

Jirani yangu Maman Aziza anaandika deklarasio za forodha katika ofisi moja karibu na mpaka wa Rusizi ya Kwanza. Tangu ugonjwa uupige mkono wake wa kuume, kipanya kinamkimbia: akilenga kutuma, anafuta. Patroni wake alimwambia leo ndiyo mwisho. Aandike deklarasio moja peke yake, au abaki nyumbani.

Nikamtengenezea kibodi ya vitufe vikubwa, na programu yake ya ndani nikaiandika mwenyewe. Mwanzoni kila kitufe kilisukuma mshale, kulia kidogo, chini kidogo, na kompyuta nayo ikauongezea mbio zake. Ukawa unafika unakotaka wenyewe. Nikauliza kwenye intaneti. Wakanijibu kibodi haijui mshale uko wapi, niachane nayo.

Niachane nayo? Mimi?

Jibu nililipata nikiwa nyuma ya pikipiki. Dereva humwambii panda, pinda, pinda tena. Unamwambia, "Msikitini," anakushusha msikitini, hata kama amekuchukua kutoka Nyakarenzo. Basi nikaifanya kibodi ijitambulishe kwa kompyuta kama kile kibao cha kuchorea cha wachoraji wa kompyuta, ambacho kila nukta yake ina mahali pake kwenye skrini. Sasa kitufe hakisukumi. Kinataja mahali, mshale unatua.

Leo ofisini tulikaribia kuaibika. Dirisha la programu ya forodha, ambalo vitufe nilivipimia likiwa limejaa skrini, lilikuwa limefunguliwa nusu, mshale ukatua pasipo na kitu. Maman Aziza hata hakunitazama. Akabonyeza kitufe cha kukuza, dirisha likajaa skrini, akaanza upya, na deklarasio ya lori la samaki wakavu ikaenda.

Patroni akasema vizuri, lakini ofisi yake haitaki vyombo vya kusaidia. Muntu afanye kazi na mikono aliyopewa na Mungu.

Maman Aziza akamjibu polepole, "Basi na weye, patroni, toa lineti zako, usome na macho uliyopewa."

Wabebaji mizigo mlangoni wakageuza shingo. Patroni akavua miwani, akaifuta, akairudisha usoni. Kisha akamsogezea makaratasi ya lori linalofuata.

Nikatoka nje. Kama kuna aliyeniona nikipangusa macho, anisamehe, nina mafua.

Kesho naanza kibodi ya mzee mmoja wa Mururu ambaye vidole vyake vimekakamaa. Ameshaniambia kwake haitawezekana. Nitamwacha aendelee kusema, huku nachomelea nyaya.