Mizani ya Darasa la Tano

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kwa shangazi. Natumaini kile kifua kimetulia na baridi haikusumbui. Sisi hatujambo. Mguu wa mama unaendelea vizuri, ila ulimi wake haujapumzika. Kila siku ananiuliza kama umeandika. Namwambia kazi zimekubana. Anajua nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Najua bado umenuna, na una haki. Nisome hadi mwisho, kisha uichane barua ukitaka.

Unakumbuka muhula huu tulivyoanza kufundisha masomo yote kwa mada moja. Ya kwanza ilikuwa Mkate, nami ndiye niliyeichagua, kwa kujidai kwamba ndugu yangu anakata donge la unga wa mikate pale kwenye tanuri la mtaani. Mwalimu wa sayansi akaeleza hamira. Wa hesabu, yule watoto wanayemwita Desimali, akawapimisha mikate ya tanuri lenu. Mimi nikawaandikisha insha. Darasa lilichangamka, hata watoro walikuja mapema! Kila mkate ukatoka mwepesi kuliko uzito ulioandikwa kwenye karatasi yake. Insha zilizoeleza hayo tukazibandika ukutani siku ya wazazi, wazazi wakasoma. Kilichofuata unakijua kuliko mimi: wateja walimjia juu bosi wako, naye akasema mkata donge ndiye anayeiba unga, akakufukuza.

Sasa wiki hii tumeingia mada ya Chumvi. Desimali akaweka pakiti ya chumvi kwenye mizani, ikawa pungufu. Akaweka ya sukari, pungufu vilevile. Mtoto mmoja akaondoa kila kitu, akasema mbona mshale umelala chini ya sifuri. Kumbe Desimali alidhani kuirekebisha ni kazi ya sayansi, maana mizani ni yao. Wa sayansi alidhani ni kazi ya hesabu, maana kupima ni kwao. Mimi nilikuwa nasahihisha herufi kubwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Upungufu ulikuwa wa mizani; mikate yako ilikuwa sawa, mdogo wangu. Hukuiba hata chembe. Nimeshamwambia bosi wako. Aliketi juu ya gunia la unga, akasema nafasi yako ipo. Insha mpya ziko ukutani, na kesho wazazi wameitwa.

Lakini linaloninyima raha ni jingine. Siku ile ulinijia na mkate mkononi, ukaniomba niupime tena, mara moja tu, kwa mizani nyingine. Nilikujibu kwamba watoto hawana sababu ya kudanganya, nikarudi kwenye madaftari yangu. Leo nilipowaeleza watoto kosa letu, binti mmoja aliuliza mkata donge mwenyewe alisemaje tulipomuuliza. Nilitoka nje nikalia. Tulikusanya masomo yote kwenye meza moja, na hakuna aliyekumbuka kukuuliza. Mimi uliniambia bila kuulizwa, na sikukusikiliza.

Nisamehe. Siharakishi jibu lako.

Msalimie sana shangazi. Mama anasema usitoke bila koti. Nawe ukija, hata kama hutaki tena kazi ile, njoo na mkate wowote. Nitaupima.

Ni mimi dada yako,
Mwalimu wa Kiswahili