Saini ya Alhamisi

Dada Nduku,

Miezi minane imepita tangu tukuzike kijijini Kithyoko, upande wa juu wa shamba, pale ulipokuwa ukisema upepo wa mto unafika. Nimeandika habari za marehemu wengi katika kazi hii ya gazeti, lakini sijawahi kumwandikia hata mmoja. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelichunguza wiki tano na bado silielewi, na mtu wa kumuuliza ni wewe.

Kwanza habari za nyumbani. Mama anaona vizuri kwa jicho la kushoto. Hunitaka nimsomee gazeti, kisha hunikosoa nikiruka mstari. Ndengu zimekubali mwaka huu. Mwanao Mwende alihama Machakos, amepanga chumba Syokimau karibu na kazi yake. Kiondo chako cha mishipi ya ngozi amekitundika ukutani mahali ambapo watu wengine huweka picha. Nilimuuliza kwa nini hakitumii. Akasema, "Mjomba, hicho kimefanya kazi ya kutosha."

Sasa jambo lenyewe. Tangu serikali mpya iingie faili zinafunguliwa, na mojawapo ni ya mashine nne za kukagua mizigo kwenye uwanja wa ndege, zile zinazoonyesha kilichomo ndani ya mfuko bila kuufungua. Wewe ulikuwa mkuu wa stoo iliyozipokea, kwa hiyo unazijua kuliko mimi. Au huzijui. Hapo ndipo ninapopotea.

Nilienda kuziona. Mbili zimefunikwa turubai. Ya tatu mkanda wake hauzunguki. Ya nne inazunguka vizuri kabisa, mizigo inaingia huku inatokea kule, lakini kioo chake ni cheusi tangu siku ya kwanza ilipowashwa. Askari amewekwa mbele yake akitazame. Nilimuuliza anaona nini. "Hakuna kitu, mzee," akasema. "Lakini abiria hajui. Mimi niko na kazi ya kuangalia sura." Nikamuuliza akiona sura mbaya hufanya nini. Akaniambia ndege ya kwanza huondoka alfajiri, na alfajiri hakuna mtu ako na sura nzuri.

Ungecheka. Mimi niliandika tu.

Kamati ya uchunguzi imewaita wakubwa wote waliohusika na tenda hiyo, nami nimekaa kwenye benchi la waandishi siku sita. Wa kwanza alisema ukaguzi haukuwa wake. Wa pili alisema yeye aliamini cheti. Kisha akaja bosi wako, yule aliyesoma risala kwenye mazishi yako hadi sauti ikamkatika. Alisema, "Aliyesaini ni marehemu Bi Nduku, Mungu amrehemu." Mwenyekiti akaandika. Katika nchi hii marehemu husaini sana. Hilo nimeliripoti mara nyingi. Ila sikuwahi kuwa ndugu wa marehemu mwenyewe.

Nilipata nakala ya cheti hicho. Kinasema mashine nne zimefika, zimefunguliwa, zimejaribiwa, na zinafanya kazi. Chini kuna saini yako, ile N yenye mkia mrefu, na muhuri wa stoo. Siku iliyoandikwa ni Alhamisi.

Unajua mimi huhifadhi daftari zangu zote. Nilikwenda kuitafuta Alhamisi hiyo, nikaikuta. "Mama, jicho la kushoto, limepasuliwa salama. Nduku na mimi hospitalini tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Uji wa muuguzi ulikuwa bila sukari." Ulikuwa wiki ya kwanza ya likizo yako. Tulikaa kwenye benchi moja siku nzima. Hapakuwa na mashine yoyote karibu nasi isipokuwa mizani ya kupimia watoto, na hiyo uliijaribu kwa mkoba wangu, ukaniambia ina kasoro.

Basi nikasema, wameighushi saini yako. Nilifurahi, Dada. Nilimpigia Mwende nikamsomea daftari. Akasema, "Andika, Mjomba. Andika leo." Alikuwa analia. Ofisini mwenu watu wameanza kusema jina lako kwa namna fulani, na rafiki zake wawili hufanya kazi huko.

Kila mtu aliyekufahamu angeamini. Wewe hukupokea balbu bila kuiwasha. Hukupokea kiti bila kukikalia, tena kwa nguvu, ukiegemea nyuma, wauzaji wakikutazama kwa hofu. Ilipoletwa mashine ya kwanza ya aina hiyo, ile ndogo ya miaka ya nyuma, uliipitishia kiondo chenye panga, chupa ya asali na ndengu za Mama. Mtaalamu alipoona panga kwenye kioo akashtuka. Ukamwambia, "Sasa nitasaini."

Nilikaa kuandika. Nikafungua kurasa za nyuma kidogo za daftari lilelile, kupata tu siku likizo yako ilipoanza. Nikakuta Jumapili iliyotangulia: "Kwa Nduku. Chapati. Fomu."

Maneno matatu. Nilikaa nayo muda mrefu kabla sijakubali kwamba nakumbuka.

Ulikuwa mezani, nyumbani kwako, nyuma ya soko la Machakos. Upande mmoja unga, upande mwingine fomu tupu za kupokelea vifaa. Ulikuwa unazisaini moja moja ili kazi isilale wiki mbili utakazokuwa na Mama. Ulieleza kwamba likizo iliyopita sabuni za ofisi zilinyeshewa nje hadi zikawa uji, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kusaini zimefika. "Ni za fagio na karatasi tu," ulisema. Muhuri ulikuwa nao. Siku zote ulirudi nao nyumbani ndani ya kiondo ili mtu mwingine asiutumie. Mkono wako ulikuwa umechoka, ukanisukumia muhuri na kile kidau cha wino.

Nikapiga. Nilipiga fomu baada ya fomu, nikakuambia serikali nzima imehamia kwenye meza ya chapati. Ukasema, "Piga polepole, mwana wa mwaitu, wino usiruke kwenye unga." Hivyo ndivyo ulivyoniita, mtoto wa mama yetu, tangu tukiwa wadogo, na kila uliponiita hivyo nilifanya ulichotaka.

Nikairudia nakala ya cheti. Muhuri wako, Dada, ulikuwa ukisimama wima kama umepimwa kwa rula. Huu umelala upande. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Walimu walinichapa kwa ajili ya mkono huu, na hadi leo kila ninachokipiga kinainamia upande mmoja.

Kwa hiyo saini ni yako kweli. Muhuri ni wa kweli. Maneno ya katikati, yale ya mashine, yalijazwa na mtu mwingine, Alhamisi, ukiwa kwenye benchi na mimi. Hukusema uongo. Hukukagua kitu. Ulisaini. Naziweka sentensi hizi tatu pamoja na hazikubali kukaa pamoja. Mtu anayeficha muhuri ndani ya kiondo usiibwe anawezaje kuacha saini yake kwenye droo ya ofisi, tayari na muhuri, kwa wiki mbili? Nimewauliza watu wa stoo wanne katika ofisi nyingine. Wote walinitazama kama mgeni. "Kila mtu hufanya hivyo akienda likizo," wakasema. Nami nilikuwa nimefanya pamoja nawe, na sikuliona kuwa jambo la kuandika zaidi ya neno moja.

Kuna kitu kingine. Baada ya likizo uliishi miezi minne. Siku moja ulinipigia simu ofisini, saa ile ya kufunga kurasa za gazeti. Ukauliza, "Mtu akitaka kurudisha saini yake, anaenda ofisi gani?" Nilidhani ni utani. Nikajibu hakuna ofisi kama hiyo. Ukacheka, ukauliza jicho la Mama linaendeleaje. Wiki iliyofuata presha ikakulaza, na hukuinuka tena.

Ulikuwa umekiona cheti? Au ulikuwa na fomu nyingine akilini, ya karatasi, ya fagio? Kama ulijua, mbona hukusema kwa maneno ya wazi, kwa mtu ambaye kazi yake ni maneno ya wazi? Au ulisema, na mimi ndiye sikusikia? Hili sina daftari lake. Siku hiyo sikuandika chochote.

Naweza kuandika habari ya Alhamisi peke yake. Kila sentensi itakuwa kweli na jina lako litatoka safi. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, nawajua watu wanaodanganya kwa sentensi za kweli. Bosi wako ni mmoja wao.

Nilimweleza Mwende habari ya Jumapili, kule Syokimau, tukiwa tumekaa chini ya kiondo chako. Akasema, "Kwa hivyo Mama alikuwa mwizi ama mjinga?" Nikasema hakuwa lolote kati ya hayo. "Basi alikuwa nini?" Alinipikia chai. Nilipotoka aliniambia, bila kunitazama, "Yeye angekupitisha na wewe kwenye mashine, Mjomba, kabla ya kusaini."

Nimemwambia mhariri wangu siwezi kuendelea na habari hii, ampe mwingine. Aliuliza sababu, nikamwambia mimi ni shahidi. Jumanne nitakaa kiti cha mashahidi mbele ya kamati, si benchi la waandishi. Nitawapa daftari lote, Alhamisi na Jumapili. Nitaomba karatasi nyeupe na muhuri, nipige mbele yao kwa mkono huu, wauone unavyoinama. Nitawaomba wamtafute aliyejaza katikati. Na simu yako nitaisema jinsi ilivyokuwa, pamoja na jibu langu.

Sijui utatoka huko ukiwa nani. Nakuahidi tu kwamba hawatakusemea tena peke yao.

Lala salama, mwana wa mwaitu. Mama ameshaniagiza nimsomee kitakachoandikwa Jumatano, chote, na nisiruke mstari. Na ile ofisi ya kurudishia saini uliyoniuliza bado sijaijua. Jumanne saa tatu nitaanza na mlango wa kwanza.

Ndugu yako,
Muthama