Mwanga wa Mwanaidi katika Kopo la Dagaa

Jumanne, 7 Agosti 2001

Mikorosho ya upande wa barabara imekwisha kupulizwa salfa ya kuzuia ukungu. Macho yananiwasha. Nimeoga, nimeswali, nimekunywa chai.

Mchana binti yangu Mwanaidi alinionyesha kipande alichokuja nacho kutoka chuo kikuu. Ni silikoni, kidogo kama ukucha, na kimetobolewa vitundu visivyoonekana kwa macho. Tulifunga mlango wa stoo. Akakimulika kwa taa ya kukagulia noti bandia. Kikawaka rangi ya chungwa. Akadondosha spiriti juu yake, mwanga ukafifia. Spiriti ikakauka, mwanga ukarudi. Kila kinachoingia katika vitundu, amesema, huugusa mwanga.

Miaka mitatu mimi, mwalimu, nimemwambia kwamba masomo hayo ni moshi mtupu. Nilikosea. Nimefurahi kama mtoto.

Jumatano ijayo atakionyesha mbele ya watahini. Vingine vyote vimevunjika.

Alhamisi, 9 Agosti

Upepo mkali. Vumbi la salfa mpaka sebuleni. Mwanaidi yuko mjini, anakata tiketi. Kifuniko cha kisanduku chake kimepasuka. Nimekitoa kipande na kukitia katika kopo la maziwa la mke wangu, Somoe. Linafunga vizuri. Dagaa wakavu waliokuwamo nimewamimina bakulini. Kazi safi.

Ijumaa, 10 Agosti

Mwanaidi amekimulika kipande. Giza.

Nililaumu salfa. Aliponiuliza kilikuwa wapi, nikamwonyesha kopo. Akakaa sakafuni. Afadhali angelia. Nimeona aibu. Sikula.

Jumamosi, 11 Agosti

Asubuhi Somoe alikinusa kipande.

“Mwalimu, umemuungia mwanao mchuzi wa dagaa!”

Nilikasirika. Hakujali.

“Mikono yenye shombo tunaisugua kwa ndimu. Hiki kimezaliwa wapi hata kisioshwe?”

 Mwanaidi akaruka, akamkumbatia mama yake. Shombo ya samaki, alieleza, ina kemikali zinazonata katika vitundu na kuuzima mwanga. Asidi huweza kuzing'oa. Ndimu ni asidi.

Hakukurupuka. Alivunja pembe ndogo ya kujaribia. Maji ya ndimu yaliyochujwa kwa kitambaa, kisha maji safi, kisha spiriti. Tukangoja ikauke. Nilisoma dua zote nizijuazo. Tukafunga stoo.

Rangi ya chungwa!

Kisha kipande chenyewe. Nacho kikawaka. Somoe alipiga vigelegele mpaka jirani akauliza ng'ambo ya ua nani anaolewa. Nimecheka mpaka kofia ikaanguka. Nimekula sahani mbili za ugali wa muhogo.

Jumapili, 12 Agosti

Basi limeondoka alfajiri. Kisanduku kipya. Ndimu sita za akiba. Somoe alikuwa amemfungashia dagaa pia. Nimewatoa mfukoni kwa mkono wangu mwenyewe, nikanawa mara tatu.

Alhamisi, 16 Agosti

Mwanaidi amepiga simu dukani. Amefaulu. Watahini walimuuliza kwa nini kipande hakina pembe moja. Akawaeleza habari ya kopo. Walicheka, kisha wakamtaka aandike sura nzima juu yake katika tasnifu. Baba yake, wamesema, ametoa mchango.

Pembe ameniachia, na taa pia. Baada ya adhuhuri nimefunga mlango wa stoo na kuimulika. Ni ndogo kama punje ya mchele. Somoe ameingia, amekaa juu ya gunia la korosho, tukaitazama ikiwaka.

Chai imepoa. Hatukuifuata.